Moduli ya Bodi na Ubadilishaji Wake katika Vani za Kazi

Moduli ya bodi, ambayo mafundi wengi huijua kwa herufi BCM, ni kompyuta ndogo inayosimamia vifaa vya umeme vya gari visivyohusika moja kwa moja na uchomaji wa mafuta katika injini, yaani taa za ndani na za nje, indiketa, honi, waipa, loki za milango, king'ora cha wizi na, katika magari mengi ya sasa, utambuzi wa ufunguo unaoruhusu injini kuwaka. Katika vani ya kazi, yaani gari la bodi iliyofungwa ambalo fundi bomba, fundi umeme au msambazaji wa bidhaa hulifanya karakana na stoo yake ya barabarani, moduli hiyo hufanya kazi nzito kuliko katika gari la familia, kwa kuwa milango hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima na kwa kuwa mwenye gari huongeza vifaa ambavyo kiwanda hakikuviweka. Kuibadilisha kunahusisha kazi mbili zisizolingana kwa uzito: ya kwanza ni kufungua kisanduku kimoja na kufunga kingine, jambo la muda mfupi, ya pili ni kukihamishia kisanduku kipya utambulisho wa gari, na hapo ndipo wengi hukwama.

Zamani taa ya gari iliwashwa kwa swichi iliyopitisha umeme wenyewe au iliyoamuru relei, na kila kifaa kilihitaji waya wake kutoka kwenye dashibodi hadi kilipo, hivyo fungu la nyaya likawa nene na zito kadiri vifaa vilivyoongezeka. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mfumo wa mawasiliano wa CAN mjini Detroit mwaka 1986, na mwaka 1993 mfumo huo ukapewa kiwango cha kimataifa cha ISO 11898. Kwa mfumo huo kompyuta za gari ziliweza kuzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na swichi ikabaki kupeleka ombi tu. Dereva anapoinua mkono wa indiketa, umeme wa taa haupiti mkononi hapo; moduli hupokea ombi, hulipima, kisha hufungua transista inayoipa taa umeme. Katika Ford Transit, vani iliyozaliwa Uingereza mwaka 1965 na ambayo tangu mwaka 2014 huundwa pia Claycomo karibu na Kansas City kwa ajili ya soko la Marekani, moduli ya bodi imeunganishwa na mtandao wa kasi wa kilobiti 500 kwa sekunde pamoja na mtandao wa polepole wa kilobiti 125, na kisanduku chake kina fyuzi zake zenyewe chini ya dashibodi.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni namna moduli ya aina hii inavyojilinda, maana ndilo chanzo cha moduli nyingi kutupwa bila kosa lao. Kwa saketi nyingi za taa, magari ya Ford ya kizazi hiki hayategemei fyuzi ya kuungua peke yake, bali hutumia transista zinazopima mkondo unaopita ndani yake na kujifunga zenyewe mkondo unapozidi kipimo. Kifaa kinapozimwa na kuwashwa tena, transista hujaribu upya, lakini moduli huandika katika kumbukumbu yake kila tukio la kuzidiwa. Idadi iliyoruhusiwa ikifikiwa, saketi hufungwa mpaka kasoro irekebishwe na moduli ifanyiwe jaribio la kujipima kwa mashine. Ruhusa hiyo hutolewa kwa awamu, na awamu ya mwisho ikiisha, saketi hufungwa moja kwa moja, msimbo wa hitilafu U3000:49 huandikwa, na hakuna dawa nyingine isipokuwa moduli mpya. Kwa hiyo waya wa taa ya trela uliochubuka, au taa ya kumulika juu ya paa iliyodandishwa kwenye waya wa taa ya nyuma, unaweza kuua sehemu ya kompyuta ambayo yenyewe haikuwa na ubovu wowote. Fundi atakayefunga moduli mpya bila kuitafuta shoti hiyo ataanzisha hesabu ileile upya, safari hii kwa gharama ya mwenye gari.

Dalili za moduli mbovu hufanana na dalili za vitu vingine vingi: taa zinazowaka zenyewe, milango inayokataa amri ya rimoti, waipa zisizosimama, betri inayoishiwa usiku, au injini isiyoitikia ufunguo. Hata msimbo U0140, unaoeleza kwamba kompyuta nyingine zimepoteza mawasiliano na moduli ya bodi, hausemi kwamba moduli imekufa. Unasema tu kwamba haisikiki, na aliyenyamaza anaweza kuwa amekatiwa umeme. Kwa sababu hiyo uchunguzi huanza kwa betri, fyuzi zinazoilisha moduli na nyaya hasi zinazofungwa kwenye bodi ya gari, ambazo hulegea na kupata kutu, kisha ndipo mtandao hupimwa. Kila ncha ya mtandao wa CAN ina kizuizi cha omu 120, na viwili hivyo vikiwa vizima, kipimo kati ya nyaya mbili betri ikiwa imeondolewa huwa karibu omu 60. Kikisoma 120, ncha moja imekatika, na kikisoma karibu sifuri, nyaya zimegusana. Maji nayo ni adui anayesahauliwa, hasa katika vani inayooshwa kwa mpira wa maji hadi ndani au yenye kioo cha mbele kilichobandikwa vibaya, na kutu ya kijani kwenye plagi za moduli ni ushahidi unaotosha kumfanya fundi atafute njia ya maji kabla ya kuagiza spea.

Ikishathibitika kwamba moduli ndiyo mbovu, hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kugusa bisibisi. Mashine ya uchunguzi huunganishwa kwenye soketi ya pini 16, iliyolazimishwa kwa magari mapya ya abiria na ya mizigo midogo nchini Marekani tangu mwaka 1996, na kupitia hapo usanidi wa moduli ya zamani husomwa na kuhifadhiwa. Usanidi ni orodha ya maelezo kuhusu gari lenyewe: namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, aina ya taa, idadi ya milango, kuwapo au kutokuwapo kwa trela, na mengine mengi ambayo mmiliki huenda hajawahi kuyafikiria. Moduli ikiwa imekufa kabisa kiasi cha kutosomeka, maelezo hayo hutafutwa kwa mtengenezaji kwa kutumia namba ya chasi. Ford, kwa mfano, huhifadhi kumbukumbu za jinsi kila gari lilivyotoka kiwandani. Kumbukumbu hizo, hata hivyo, hazina mabadiliko yaliyofanywa baadaye na karakana, na vani za kazi ndizo hasa zinazofanyiwa mabadiliko ya namna hiyo.

Ufungaji wenyewe si mgumu. Ufunguo hutolewa, waya hasi wa betri hufunguliwa (katika Transit betri imo chini ya kiti cha dereva), na fundi husubiri dakika moja au zaidi ili umeme uliobaki katika mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Plagi hufunguliwa kwa kuinua vishikizo vyake bila kuvuta nyaya, na moduli mpya hushikwa pembeni ili umeme tuli wa mwilini usiidhuru. Kisha betri huunganishwa tena pamoja na chaja inayoshikilia volti bila kuyumba, kwa sababu programu inayokatika njiani huweza kuiacha moduli mpya ikiwa haina uhai, na hasara ya namna hiyo haina wa kulaumiwa isipokuwa aliyeipuuza betri.

Baada ya usanidi kupakiwa hufuata funguo, hatua inayotenganisha karakana yenye vifaa na isiyo navyo. Katika mfumo ambao Ford huuita PATS, moduli ya bodi na kompyuta ya injini hutambuana kwa nambari za siri, na chipu iliyomo ndani ya ufunguo hutambuliwa kwa nambari yake. Moduli mpya haijui lolote kati ya hayo, hivyo kompyuta hizo mbili hulinganishwa upya na funguo husajiliwa kana kwamba gari ni jipya. Kwa kawaida funguo mbili hutakiwa, na mwenye gari anayekuja na mmoja huongeza gharama ambayo angeiepuka. Kwa kuwa hatua hii ingemfaa mwizi pia, nchini Marekani fundi wa kujitegemea hupewa nambari za usalama baada ya kusajiliwa katika mpango wa National Automotive Service Task Force.

Moduli iliyotumika, inayopatikana kwa bei nafuu katika maduka ya spea za magari yaliyokatwa, kama yale ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, huvutia wenye vani na daladala, lakini huja na namba ya chasi, funguo na pengine hesabu ya kilomita za gari jingine. Baadhi ya mafundi huisoma chipu ya kumbukumbu ya moduli ya zamani na kuinakili ndani ya iliyotumika, njia inayofaa iwapo namba za moduli zote mbili zinalingana na kumbukumbu ya zamani haijaharibika. Moduli zenye namba tofauti hata kwa herufi moja ya mwisho zinaweza kuingia plagi zilezile na bado zikakosa saketi fulani.

Kazi huhesabiwa kuwa imekwisha baada ya kila taa, kila mlango na kila ufunguo kujaribiwa, misimbo kufutwa na kusomwa tena, na mkondo unaovuja gari likiwa limelala kupimwa, ambao katika gari zima kwa kawaida huwa chini ya ampea 0.05 kompyuta zote zikishasinzia. Vifaa vya ziada navyo huhamishiwa kwenye fyuzi na relei zao zenyewe. Transit ina sehemu za kuchukulia umeme zilizowekwa na kiwanda kwenye kitako cha kiti cha dereva kwa ajili hiyo hasa. Taa ya paa ikirudishwa kudandia waya wa taa ya nyuma, moduli mpya itaifunga saketi hiyo kama ilivyofanya ile ya kwanza.