Hukumu ya Mwajiri Kumfuatilia Mfanyakazi kwa Kamera, Simu na Mifumo ya Kompyuta

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Tumekuwa tukiulizwa na waajiriwa wa mahoteli, maduka na maofisi, na madereva wanaopata abiria kwa programu ya simu. Mwajiri anaweka kamera, anachukua alama za vidole, na anataka simu ya mfanyakazi ionyeshe alipo hata usiku. Kisha mfumo wa kompyuta unahesabu dakika na nyota za wateja, na unamfungia mtu riziki yake bila ya kuulizwa neno. Je, hayo yanafaa kisharia?

Alichonunua mwajiri

Mkataba wa ajira unaingia katika mlango wa ijara, nayo ni kuuza manfaa kwa ujira unaojulikana. Mwajiri amenunua manfaa ya kazi. Mwili wa mfanyakazi, nyumba yake na siri zake havikuuzwa.

Mafaqihi wamewagawa wafanyakazi mafungu mawili. Wa kwanza ni *ajir khas*, aliyemkabidhi mwajiri mmoja muda wake, kama karani. Saa za kazi ni haki ya mwajiri, na zikimalizika mtu ni wa nafsi yake. Wa pili ni *ajir mushtarak*, kama fundi cherehani, anayedaiwa kazi tu. Dereva wa programu, anayechagua mwenyewe safari za kupokea, yuko karibu zaidi na huyu wa pili. Kumfuatilia safarini kuna maslaha kwake na kwa abiria. Kumfuatilia akiwa amefunga kazi hakuna msingi.

Haki ya kusimamia

Usimamizi wenyewe ni halali. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimhesabu Ibn al-Lutbiyya aliporudi na mali ya zaka, na akamkemea kwa kujitengea alichodai kuwa ni zawadi. Basi kamera ya mlangoni, ghalani na penye sanduku la fedha inafaa, na kuandika saa za kuingia na kutoka kunafaa, kwa sharti wafanyakazi wajulishwe.

Mpaka wake

Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah amekataza kupelelezana. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Ibn Mas'ud (R.A.) aliletewa mtu aliyesemekana kuwa ndevu zake zinachuruzika pombe. Akajibu kuwa wamekatazwa kupeleleza, ila jambo likiwadhihirikia watalishika. Hiki ndicho kipimo chetu: kosa linalodhihiri kazini mwajiri atalishughulikia, na lililofichikana halichimbwi.

Kwa hivyo ni haramu kuweka kamera chooni au pa kubadilishia nguo, kusoma ujumbe wa mtu na familia yake, na kumfuatilia alipo baada ya kazi. Mtu asiseme: "Lakini ametia saini." Wengi hutia saini kwa kuwa wana watoto wa kulisha, na Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika mapokezi ya Tirmidhi, kuwa Waislamu hufuata masharti yao isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Taarifa ni amana

Alama za vidole, picha na cheti cha hospitali vilivyo mkononi mwa mwajiri ni amana, nayo Allah ameamrisha irejeshwe kwa wenyewe (An-Nisaa: 58). Neno la siri likiibiwa hubadilishwa, lakini kidole hakibadilishwi. Basi asikusanye asichokihitaji, asimpe wala kumuuzia mwengine, na mtu akiacha kazi afute kisichohitajika tena.

Mashine kumhukumu mtu

Mtume (S.A.W.) alimuusia Ali (R.A.) asimhukumie mgomvi wa kwanza kabla ya kumsikiliza wa pili. Mfumo wa kompyuta haumsikilizi yeyote. Hauelewi kuwa dereva alichelewa kwa sababu njia ilijaa maji, wala kuwa mteja alitoa nyota moja kwa chuki. Kumfukuza mtu kwa hesabu hiyo pekee, bila ya binadamu kuchunguza na kumsikiliza, ni dhulma.

Sala nayo imo humu. Wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa wakati wa tohara na sala ya faradhi umetolewa katika muda wa ijara, na ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Mfumo unaoziandika dakika za Adhuhuri kuwa ni uvivu unamdhulumu mfanyakazi.

Sheria za nchi

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume yake. Kenya ina sheria kama hiyo ya 2019. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizokusanywa, kutaka zisahihishwe, na kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. Kuzitumia haki hizi hakupingani na dini.

Nasaha

Mwajiri aandike katika mkataba anachokifuatilia, kwa sababu gani na kwa muda gani, na aweke mtu wa kusikiliza malalamiko. Mfanyakazi naye amche Allah: kumgongea mwenzake mahudhurio ni khiyana, na ujira wa saa ambazo mtu hakuzifanya kazi si halali kwake. Akidhulumiwa aombe maelezo kwa maandishi na aweke nakala. Asipojibiwa, apeleke shauri Kamisheni ya Kazi kwa Zanzibar, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Tanzania Bara.

Wallahu aalam.