Uchina wa zamani: wakati wafalme walifunga bahari

Mwaka wa 1371, raia wa Uchina walikatazwa kupakia mali kwenye meli na kwenda kuiuza ng'ambo. Aliyetoa amri hiyo ni Zhu Yuanzhang, mtoto wa walimaji maskini aliyepigana vita hadi akawa mfalme mwaka wa 1368 na kuanzisha utawala wa Ming. Wachina waliiita haijin, maana yake katazo la bahari. Ilidumu karibu miaka 200, mara inalegezwa, mara inakazwa.

Mfalme alikuwa na sababu zake. Mabaki ya maadui wake yalikimbilia kwenye visiwa, na majambazi kutoka Japani walikuwa wanashambulia pwani. Aliona kama raia mwenye meli ni raia asiyeweza kuchungwa. Hata kujenga meli kubwa ya milingoti mingi ilikuwa kosa.

Biashara haikufa kabisa, lakini ilibaki mukononi mwa serikali. Wajumbe wa wafalme wa kigeni walikuja na ushuru wa heshima, wakapewa zawadi, kisha wakauza mali ingine mbele ya macho ya wakubwa. Japani ilipewa ruhusa ya kuja mara moja tu kwa miaka 10.

Wengi wamesikia habari za Zheng He, mkuu wa meli aliyefanya safari saba kati ya 1405 na 1433 na ambaye meli zake zilifika hadi pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa Uchina. Lakini zile zilikuwa meli za mfalme. Muchuuzi wa kawaida aliendelea kukatazwa.

Katazo hili liliumiza zaidi jimbo la Fujian. Kule milima ni mingi na mashamba ni kidogo. Watu wanaishi kwa bahari. Basi waliendelea kusafiri kwa siri, hasa juu Japani ilikuwa na feza nyingi na ilitaka hariri ya Uchina. Wareno nao wakaingia ndani ya biashara hiyo. Kisiwa cha Shuangyu, karibu na Ningbo, kikageuka soko kubwa la magendo.

Mwaka wa 1547 serikali ilimutuma Zhu Wan, mukubwa aliyejulikana kwa ukali. Mwaka uliofuata akaharibu bandari ya Shuangyu, na kisha akaua wafanya-magendo makumi waliokamatwa. Hapo ndipo ukweli ulitokea: familia tajiri za pwani, zenye ndugu ndani ya serikali, ndizo zilikuwa zinatia makuta ndani ya magendo. Zikamushitaki kama aliua watu bila ruhusa ya mfalme. Zhu Wan akafukuzwa kazi, akajiua.

Bandari ilivunjwa, lakini wachuuzi hawakuisha. Wang Zhi, mwenyeji wa Huizhou, akaweka makao yake Japani, na ndani ya miaka ya 1550 pwani ikawaka moto. Serikali iliwaita washambulizi "majambazi wa Japani", ijapokuwa wengi wao walikuwa Wachina. Wang Zhi aliomba jambo moja: soko lifunguliwe, naye atasaidia kuleta usalama. Akaahidiwa mapatano, akarudi mwaka wa 1557. Alifungwa, kisha akakatwa kichwa. Mashambulizi yakaendelea.

Mwisho, mwaka wa 1567, serikali ilikubali. Wafanya-biashara waliruhusiwa kutoka kwenye bandari ya Yuegang, kule Fujian, kwa karatasi na kwa kulipa kodi. Kwenda Japani kulibaki kosa. Muda mufupi baadaye, feza iliyochimbwa Amerika ikaanza kuingia Uchina kupitia Manila, iliyokuwa mukononi mwa Wahispania.

Utawala uliofuata, wa Qing, ulifanya jambo baya zaidi. Ili kumunyima chakula na mali adui wake Zheng Chenggong, aliyepigana akiwa baharini, mwaka wa 1661 uliamuru wakaaji wote wa pwani ya kusini wahame, kilometa 15 hivi ndani ya inchi, fasi zingine zaidi. Nyumba zilichomwa, mitumbwi ikaharibiwa. Aliyekutwa amevuka mpaka kurudi kwa shamba lake aliuawa. Wahami wengi walikufa kwa njaa na magonjwa.

Kisiwa cha Taiwani kilipochukuliwa mwaka wa 1683, wakaaji wakaruhusiwa kurudi. Mwaka wa 1684 mfalme Kangxi akafungua bahari na kuweka duane katika majimbo ine. Lakini wafanya-biashara wa Ulaya walirudishiwa mipaka mwaka wa 1757: bandari moja tu, Guangzhou. Hali hiyo ilivunjwa mwaka wa 1842, wakati Uingereza, baada ya kushinda vita, ililazimisha Uchina kufungua bandari tano.