Kutoka Shamba la Bibi hadi Amaan: Kusini bado inaisubiri Stars

Septemba na Oktoba 2025 Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, ilicheza mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Niger ikaondoka na ushindi wa 1-0, na Zambia nayo ikashinda 1-0. Vichapo hivyo viwili vilizua tena swali ambalo nchi hii imejiuliza kwa miaka mingi: Stars nyumbani kwake ni wapi?

Huku Mitwero, kaskazini ya mji wa Lindi, swali hilo lina uchungu wa aina yake. Mzee mmoja wa hapa, aliyechezesha mechi za mchangani tangu ujana wake, anaamini kwamba uwanja wa nyumbani hupatikana kwanza kwenye karatasi, kisha ndipo nyasi zinapofuata. Stars imepangiwa Dar es Salaam, Mwanza na Unguja. Mechi ya kufuzu haijawahi kuletwa Lindi, na mzee haoni kama ni bahati mbaya. Anaona hakuna aliyeiandaa Lindi hata jina lake liweze kuandikwa.

Utaratibu wenyewe uko wazi. Shirikisho la nchi, kwetu TFF, ndilo linalotaja uwanja. Wakaguzi wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, hukagua viti, taa, nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha kupimia dawa za kuongeza nguvu, nafasi za wanahabari, hoteli na umbali wa uwanja wa ndege. Ukikataliwa, nchi hutafuta uwanja mwingine wenye kibali, hata kama uko nchi ya mbali.

Kwa miongo mingi jambo hilo halikutuumiza kichwa, kwa kuwa chaguo lilikuwa karibu moja tu. Uwanja wa Taifa wa zamani, ambapo bendera ya uhuru ilipandishwa Desemba 1961, ndio uliopokea wageni wengi wakubwa. Mashabiki waliubatiza Shamba la Bibi. Agosti 1979, miezi michache baada ya vita vya Kagera, Stars iliifunga Zambia 1-0 pale, kisha ikaenda Ndola na kupata sare ya 1-1 kwa bao la Peter Tino, na hivyo ikakata tiketi ya fainali za Afrika (AFCON) za 1980 nchini Nigeria. Hadithi hiyo kila mpenda soka anaijua.

Juni 2007, uwanja mpya wa Dar es Salaam ukiwa bado unakamilishwa, Stars ya kocha Marcio Maximo iliipokea Senegal CCM Kirumba, Mwanza, na kutoka nayo sare ya 1-1. Miezi mitatu baadaye, kwenye uwanja mpya wa watu 60,000, Msumbiji ikaja na kushinda 1-0, na safari ya AFCON ya Ghana 2008 ikaishia hapo. Brazil ilikuja mwaka 2010 na kutufunga 5-1. Juni 2017 Stars ilihamia Azam Complex, Chamazi, ikatoka sare ya 1-1 na Lesotho. Machi 2019 ikaichapa Uganda 3-0 Dar es Salaam na kurudi AFCON baada ya miaka 39.

Sura ambayo mzee wa Mitwero haachi kuisimulia ni ya Machi 2023. Uganda, majirani zetu wenye historia ndefu ya soka kuliko sisi, walijikuta katikati ya mechi za kufuzu AFCON bila uwanja wenye kibali. Uwanja wao wa Namboole ulikuwa kwenye ukarabati. Mechi yao ya "nyumbani" dhidi ya Stars ikapelekwa Ismailia, Misri, maelfu ya kilomita kutoka Kampala. Machi 24 Simon Msuva akafunga, Stars ikashinda 1-0. Waganda walikuwa wenyeji kwenye fomu tu, mashabiki wao wakiwa wamebaki kwao.

Siku nne baadaye timu zikakutana kwa Mkapa, ule uwanja wa watu 60,000 ulioko Temeke, Dar es Salaam. Wakati huo msemo wa "kwa Mkapa hatoki mtu" ulikuwa midomoni mwa kila shabiki wa Dar. Uganda ikatoka. Rogers Mato alifunga dakika za mwisho, 1-0, na watu wakaondoka Temeke vichwa chini. Wengi walihitimisha kwamba uwanja wa nyumbani hauna maana yoyote, kwa kuwa kila timu ilishinda ugenini.

Hesabu ya kundi inasema vingine. Stars ilimaliza na pointi 8, Uganda 7. Pointi moja ndiyo iliyotupeleka AFCON ya Ivory Coast na kuwaacha Waganda. Katika pointi zetu 8, nne tulizipata kwa wapinzani waliotukaribisha nje ya nchi zao: sare ya 1-1 na Niger iliyochezwa Cotonou, Benin, na ushindi wa Ismailia. Uganda, kwa upande wao, iliwabidi pia kuipokea Algeria mjini Douala, Cameroon, wakafungwa 2-1. Hivyo kibali cha uwanja ni pointi, na mwenzetu alizipoteza kabla hajavaa viatu. Msuva alifunga tena Juni dhidi ya Niger kwa Mkapa, na suluhu na Algeria mjini Annaba mwezi Septemba ikakamilisha kazi.

Kenya nayo iliyaonja hayo Juni 2024 ilipozipokea Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi. Burundi na Ethiopia zimekuja kuomba hifadhi Dar es Salaam. Tulipaswa kujifunza kutoka kwao, lakini Machi 2025 CAF iliufungia kwa muda Uwanja wa Mkapa kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Mei mwaka huohuo mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ikahamishiwa Amaan, pamoja na malalamiko yote ya Wanasimba. Nchi yenye uwanja wa watu 60,000 ilijikuta inabishania nyasi wiki ya fainali.

Kusini tuliliona jambo hilo mapema kwa jicho letu wenyewe. Klabu ya Namungo ya Ruangwa ilipofika hatua za juu za Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21, watu wa mkoa wa Lindi walitarajia kuziona timu za Afrika karibu. Ilipokwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, vipimo vya korona vikakwamisha mechi, na CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Tanzania. Zilipigwa Chamazi. Namungo ikashinda 6-2, kisha ikafungwa 3-1, ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 7-5. Yalikuwa mafanikio makubwa katika historia ya soka la mkoa huu, na wenye timu waliyafuata redioni na kwenye luninga. Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, na Ilulu, mjini Lindi, vilitosha kwa Ligi Kuu. Kwa Afrika havikutosha.

Shabiki wa Mitwero anayetaka kuiona Stars hupanda basi alfajiri, akapita Nangurukuru na Somanga, akavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, na kuingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilionyesha njia hiyo inavyoweza kukatika Somanga. Uwanja anaoufuata uko upande huohuo wa jiji, tena una jina la mtoto wa Kusini. Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Masasi, akazikwa Lupaso Julai 2020, na watangazaji hadi leo huuita Dimba la Lupaso. Kusini imeupa uwanja wa taifa jina. Ni haki yetu kuuliza tumepata nini.

Sasa nchi inajenga. Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa AFCON 2027, na uwanja mpya wa Arusha umepangiwa watu 30,000. Hilo ni jambo la fahari, nami nalifurahia. Hata hivyo ramani ya viwanja vyenye hadhi bado inaanzia Dar es Salaam na kupanda kaskazini na bara, kana kwamba baada ya Rufiji hakuna wapenzi wa Stars. Mtwara kuna Nangwanda Sijaona, Lindi kuna Ilulu, na vyote vimewahi kuona Ligi Kuu.

Hakuna anayedai Ilulu iwe ya watu 60,000. Mzee wa Mitwero anataka nyasi zinazotunzwa mwaka mzima, taa, viti na vyumba vinavyokubalika, ili kwanza timu za vijana na za wanawake zipangiwe hapa, na Namungo isihame nyumbani siku itakaporudi Afrika. Halmashauri, wizara na TFF wakikaa meza moja, kazi hiyo ni ya miaka michache. Mikorosho ya Lindi inachangia mfuko wa taifa kila msimu, na mradi wa gesi wa Likong'o, hapa Lindi, unazungumzwa kwa matrilioni. Fungu la uwanja mmoja haliwezi kukosekana. Katika orodha ijayo ya viwanja ambayo TFF itapeleka CAF, Kusini iandikwe jina lake.