Taa Iliyoshuka Kooni

Kata ya Matongo, eneo la Nyamongo wilayani Tarime, iliijua dhahabu kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Wachimbaji wadogo walishuka kwenye mashimo yanayoitwa maduara, wakapandisha mawe, wakayaponda kwa nyundo na baadaye kwa mashine ya karasha, hadi yakawa unga. Ndani ya unga huo mna dhahabu. Mna pia madini ya silika, na vumbi lake huingia kifuani. Jioni mtu huyohuyo hurudi nyumbani kwenye jiko la mafiga, moshi wa kuni ukaendeleza pale vumbi lilipoishia.

Mtu akikohoa kwa miezi huku pumzi ikipungua, wengi huwaza kifua kikuu. Hawakosei kuwaza hivyo, kwa sababu vumbi la silika hudhoofisha mapafu na kukipa kifua kikuu nafasi. Lakini wapo ambao makohozi yao hupimwa, yakaonekana safi, nao wakarudi nyumbani na kikohozi kilekile. Baadhi yao wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao hauna kijidudu cha kukamatwa kwenye makohozi. Umo katika kuta za mirija ya hewa yenyewe, na kwa zaidi ya miaka 150 watu wamehangaika kupeleka taa humo.

Aliyefungua njia hakuwa daktari. Manuel García alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aliyefanya kazi London. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiweka nyuma ya koo lake, kisha kwa kioo cha mkononi akaelekeza mwanga wa jua juu yake. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kujifunga. Taa yake ilikuwa jua.

Chini ya hapo palibaki giza hadi 1897, mjini Freiburg, Ujerumani. Mkulima wa miaka 63 alikuwa amepaliwa na mfupa wa nguruwe, ukazama hadi kwenye mrija wa pafu la kulia. Daktari Gustav Killian alimtia ganzi kooni, akapitisha bomba la chuma lililonyooka, akamulika na kuutoa mfupa ule kwa koleo. Ulikuwa ushujaa wa daktari, lakini tusimsahau mgonjwa aliyelivumilia bomba lile akiwa macho.

Chuma hakipindi, ilhali mirija ya mapafu hugawanyika kama matawi ya mti. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany walieleza namna maelfu ya nyuzi nyembamba za kioo, zikifungwa pamoja, zinavyoweza kubeba picha hata zikipindwa. Kutokana na nyuzi za aina hiyo, daktari Shigeto Ikeda wa Tokyo alipata bronkoskopi inayopinda, akaionyesha kwa madaktari wenzake Copenhagen mwaka 1966. Mpira huo mwembamba wenye taa ndio wagonjwa wetu wanaouita kamera.

Miaka miwili baadaye ukaja utafiti ambao kwangu ndio kiini cha habari hii yote. Mwaka 1968 James Hogg, Peter Macklem na William Thurlbeck walionyesha kuwa katika ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, hewa hukwama hasa kwenye mirija yenye upana usiofika milimita 2. Kamera ya kawaida haipenyi huko. Picha ya eksirei haionyeshi kuta zake. Mirija hiyo ni mingi mno, kwa hiyo mingi inaweza kuharibika kabla mtu hajahisi kwamba mlima aliouzoea umekuwa mrefu.

Jibu lilitokea Marekani. Mwaka 1991, David Huang, James Fujimoto na wenzao walitangaza kipimo cha kutumia mwanga kinachoitwa kwa kifupi OCT. Kinafanana na mwangwi: ukipaza sauti mbele ya mlima, muda inaochukua sauti kurudi hukuambia mlima uko umbali gani. Mwanga una kasi isiyopimika kwa saa yoyote ya kawaida, hivyo waliugawa mara mbili, nusu ikaenda kwenye mwili na nusu kwenye kioo. Zikikutana tena, jinsi mawimbi yake yanavyoungana huonyesha mwanga umerudi kutoka kina gani. Kipimo kilianza kwenye macho. Baadaye uzi wake mwembamba ukapitishwa ndani ya bronkoskopi, ukazungushwa huku ukivutwa nyuma, ukachora ukuta wa mrija hadi kina cha milimita 2 au 3, bila mionzi ya eksirei. Mwaka 2008 Harvey Coxson na wenzake, Vancouver, Kanada, waliutumia kwa wavutaji sigara na walioacha, wakaona unene wa kuta za mirija yao ukiendana na upungufu wa pumzi.

Katika mapafu, OCT bado ni chombo cha watafiti zaidi kuliko cha wodini. Matongo haiwezi kukaa ikikisubiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa vijijini Tanzania, ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa, katika jamii ambayo karibu kila nyumba inapikia kuni. Waliugundua kwa spirometa, kifaa ambacho mtu hupuliza kwa nguvu na pumzi yake ikapimwa. Asili yake ni kazi ya John Hutchinson ya mwaka 1846, kongwe kuliko hata kioo cha García.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mwaka 2034 ni mbali kwa mtu anayehema leo pembeni ya karasha. Mgonjwa wa Matongo asilazimike kuvuka Musoma, Bunda na Magu hadi Mwanza ndipo ajue pumzi yake imebaki kiasi gani. Halmashauri na wenye migodi, wakubwa kwa wadogo, waweke spirometa na muuguzi aliyefunzwa kuitumia katika vituo vya afya vya Nyamongo, na mawe yamwagiwe maji kabla hayajapondwa.