Kazi Iliyofichwa Ndani ya Unga

Miaka michache iliyopita, katika mkutano wa wazazi shuleni kwetu, nalisimama nikasema maneno ambayo nadhani walimu wengi wamepata kuyasema. Nalisema ya kuwa watu wa siku hizi wamekuwa wavivu jikoni: unga wa mfuko, tui la kopo, viungo vya pakiti, na ya kuwa mama zetu walitwanga na kusaga kwa mikono yao, wakatulea tukakua. Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi karibu na mlango, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, wewe mwenyewe umepata kutwanga siku ngapi?" Watu wakacheka. Sikuwa na jibu, maana nalikuwa mtoto wa kiume, na kazi yangu katika habari ya unga ilikuwa kula.

Tangu siku ile nimejitahidi kuchungua habari za kazi hiyo, jinsi ilivyokuwa na jinsi ilivyofupishwa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza naitazama lugha. Mtu asiyeijua kazi hii husema "kutwanga" tu, basi. Wenye kazi walikuwa na maneno mengi. Mpunga ukiisha kukatwa hupurwa, ili punje ziachane na mabua, huanikwa juani, hutiwa kinuni na kutwangwa, hupepetwa kwa ungo ili kumvi zitoke, kisha hurudishwa kinuni mara ya pili, na huko ndiko kupwaya, hupepetwa tena, chenga zikatengwa na mchele mzima. Mabaki nayo yana majina yake. Kumvi ni ganda la nje, lisilofaa kitu ila kuchomwa au kutupwa. Wishwa ni ile chenga laini ya utando wa ndani, nayo haikutupwa, bali walipewa kuku. Waandishi wa kamusi za zamani, kama Krapf, ambaye kamusi yake ilitolewa mwaka 1882, na Johnson baada yake mwaka 1939, walijitaabisha kuyakusanya maneno ya nyumbani, nasi twapaswa kuwashukuru. Nalipowauliza wanafunzi wangu maana ya kupwaya, wakanijibu ya kuwa nguo ikiwa kubwa kuliko mvaaji humpwaya. Hawakukosea, illa neno lile jingine lilikuwa limekwisha kutoka vinywani mwa watu pamoja na kinu chake.

Basi, kwa nini wishwa iwe na jina lake peke yake, na kuku walishwe kwa kusudi? Jibu la swali hili lilipatikana mbali na kwetu, katika kisiwa cha Java. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka madaktari huko wachunguze beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuudhoofisha moyo. Mmoja wao, Christiaan Eijkman, akabaki. Akaona kuku wa maabara yake wanayumba kama wagonjwa wa hospitali. Baadaye ikajulikana ya kuwa kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia katika jiko la hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya aliyeona si haki kuku wa raia wale mchele wa askari, akakataa kuwapa. Wakarudishiwa mchele wa bei rahisi, wenye utando wake, nao wakapona. Mwaka 1897 Adolphe Vorderman, mkaguzi wa mambo ya afya, alitoa habari za magereza 101 ya Java na Madura: palipoliwa mchele uliosuguliwa mweupe beriberi ilikuwa nyingi, na palipoliwa mchele wenye utando ilikuwa haba sana. Mwaka 1926 wataalamu wawili wa huko huko, Jansen na Donath, walikitenga kile kilichomo ndani ya utando, ambacho leo huitwa vitamini B1.

Hivyo mashine iliyousugua mchele hata ukang'aa haikufanya kosa la kutwanga vibaya. Ilitwanga vizuri mno. Mkono wa mwanamke, kwa kuwa huchoka, uliacha sehemu ya utando juu ya punje, na sehemu ile ndiyo iliyolinda miguu ya walaji. Hakuna aliyekusudia hivyo. Wali ni chakula cha kale pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wenye samli. Na mtu alaye wali pamoja na samaki na kunde hana sababu ya kuogopa mchele mweupe kama yule asiye na kitoweo. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, walisema wazee, nami naongeza: na vitoweo mbalimbali.

Habari ya mahindi ni ndefu zaidi. Jina lake lafanana na jina la Wahindi, walakini nafaka yenyewe asili yake ni Amerika, nayo ililetwa huku na Wareno katika karne zilizofuata safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498. Wenyeji wa Meksiko tangu kale hawakuyapika mahindi hivi hivi. Waliyachemsha na kuyaloweka katika maji ya chokaa au majivu, ndipo wakayasaga. Wazungu waliyachukua mahindi wakaiacha kazi ile, wakidhani ni desturi tu ya watu wa huko, au ni njia ya kutoa maganda. Kwa kweli chokaa ile huifungua vitamini iitwayo niasini, ambayo mahindi yanayo lakini imefungwa, mwili usiweze kuipata. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliona katika nchi ya Asturias, huko Hispania, maskini walao mahindi wakibabuka ngozi ya shingo na mikono. Waitalia wakauita ugonjwa huo pelagra. Katika majimbo ya kusini ya Marekani uliua watu wengi sana mwanzoni mwa karne ya 20, hata Joseph Goldberger, aliyetumwa mwaka 1914, akaonyesha ya kuwa si wa kuambukiza, bali ni wa chakula duni. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa ndiyo dawa yake mwaka 1937.

Hili si jambo la mbali nasi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, walioishi kwa posho ya unga wa mahindi, walikatikiwa karanga walizokuwa wakigawiwa, na watu zaidi ya 17,000 wakashikwa na pelagra. Karanga tu! Mtu aliyezitoa katika hesabu ya posho bila shaka aliziona kuwa kitu cha kuongezea ladha.

Kwetu mashine ziliingia kwa njia mbili. Ziko zile kubwa za makampuni, kama Unga Limited, iliyoanzishwa Kenya na Lord Delamere mwaka 1908. Na huku Tanzania vinu vikubwa vilitaifishwa mwaka 1967, mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Na ziko zile ndogo za kijijini, ambazo mimi nazikumbuka kwa mlio wake kuliko kwa jina la mwenye nazo. Nalitumwa na debe kichwani, nikapanga foleni, nikarudi nyumbani na nyusi nyeupe. Hapo mashineni mtu huulizwa: akoboe kwanza, au asage hivi hivi? Akikoboa hupata sembe, nyeupe, laini. Asipokoboa hupata dona. Dona ni bora kwa mwili, na haihitaji malipo ya kukoboa; lakini kwa kuwa imekuwa chakula cha mabweni na magereza, watu wengi huiona ni ya kudharauliwa. Pumba hubaki kwa mwenye mashine au hurudi nyumbani kwa kuku. Kuku wetu wana bahati kuliko wale wa Java.

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Si kweli kwamba kinu hakikutoa kitu. Bibi zetu nao walikoboa mahindi kinuni, wakatoa pumba na kiini, wakaloweka, wakatwanga, ili wapate sembe nyeupe ya wageni. Tamaa ya weupe ni ya zamani kuliko mashine. Tofauti ni kwamba mkobozi wa kinuni aliona kwa macho yake kipimo cha kitu alichokitoa, na kwa ajili ya taabu yake hakukitoa kila siku. Sheria za nchi zimejaribu kurudisha kilichopotea: Tanzania kwa kanuni za mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012, viwanda viliamriwa kutia madini na vitamini katika unga. Ni jambo jema, ingawa unga wa mashine za vijijini ni vigumu kuufikia kwa sheria.

Sasa nafika kwa muhogo, na hapa mzaha wa mkutano ule ule haupo tena.

Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Watu walio nao wanajua kuuondolea: huumenya, huuloweka au kuuvundika kwa siku kadhaa, huuanika, ndipo huutwanga. Kazi hii mgeni huiona ndefu bila sababu. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango, katika Kongo, ulioitwa na wenyeji konzo, yaani miguu iliyofungwa: mtu mzima au mtoto hulala mzima, na akiamka miguu imekakamaa, wala haitarudi kuwa kama zamani. Mwaka 1981, wakati wa ukame, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji waliugua watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Mimea mingine ilikuwa imekufa, ukabaki muhogo mchungu. Na watu wenye njaa hawakuweza kuungoja siku zake. Katika wilaya ya Masasi, mwaka 1988, kulikuwa na watu walioathirika kwa sumu hiyo baada ya kula unga uliotengenezwa kwa njia ya haraka iitwayo chinyanya: muhogo hutwangwa mbichi, huanikwa, hutwangwa tena, ukawa unga upesi, pasipo kungoja siku za makopa.

Nawaombeni wasomaji mwangalie jambo moja. Wanawake wale hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Njia ndefu waliijua. Iliwashinda kwa kuwa watoto walikuwa wakilia. Mwalimu akisimama mbele yao na kuwasifia kinu cha zamani, angewaongezea nini?

Kwa upande mwingine, ziko kazi ambazo ndani yake hamna siri yoyote ila uchovu. Kuikuna nazi kwa mbuzi, kuikamua kwa kifumbu, kutenga kasimile na tui jepesi, ni ufundi, nami nakiri ya kuwa tui la kopo halinifurahishi. Lakini hakuna aliyepooza miguu kwa tui la kopo. Hamira nayo iliingia mahali pa tembo la mnazi katika vitumbua vya nyumba nyingi, na sijasikia mtu akiililia. Na saa zile za jiwe la kusagia, alfajiri kabla ya jua, zilikuwa saa za nani? Zilikuwa za wasichana. Msichana aliyepewa mashine alipewa pia nafasi ya kufika shuleni kabla ya kengele.

Mwaka jana nalikwenda kwa yule mama aliyeniuliza swali. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nimekuja kujibu." Akaitikia, akanipa kiti. Nikamwuliza ni kazi gani asingependa kuirudia. Akasema, jiwe; asingelirudia hata kwa fedha. Nikamwuliza ni ipi asingekubali binti yake aifupishe. Akajibu bila kufikiri: muhogo. "Bibi alituambia siku zake zisipunguzwe, hakutuambia kwa nini." Nikamweleza habari za Nampula. Akanyamaza kitambo, kisha akataja majirani wawili wa utoto wake, waliotembea kwa fimbo.

Baadaye aliniletea kinu kidogo cha viungo na mchi wake, nijaribu. Nalipopiga mara kumi hivi, pilipili manga ziliruka nje zikatawanyika uani, naye akaniambia niziokote zote, nizioshe, nianze tena.