Sharti la Pillnitz

Makabaila wa Ufaransa waliokimbia Mapinduzi ya 1789 husemwa kwamba walishindwa kwa kukosa msaada. Msaada waliupata, ila kila ulipofika ulibaki kuwa mali ya aliyeutoa. Artois, mdogo wake Mfalme Louis wa 16, alihama siku chache tu baada ya ngome ya Bastille kutekwa, na kufikia 1791 yeye na kaka yake, Provence, walikuwa Koblenz, kando ya mto Rhine, na baraza lenye adabu zote za ikulu isipokuwa nchi ya kutawala. Tarehe 27 Agosti mwaka huo, huko Pillnitz, Leopold wa Austria na mfalme wa Prussia walitamka kuwa wangetumia nguvu kumwokoa Louis, ikiwa tu wafalme wengine wa Ulaya wangeungana nao. Leopold alijua fika kwamba Uingereza haimo. Sharti lile lilikuwa mlango wake wa kutokea. Watu wa Koblenz waliishika ahadi, sharti wakaliruka. Ajabu ni kwamba mahasimu wao wa Paris walilisoma tamko hilo vivyo hivyo, na waliotaka vita wakapata hoja bila jasho.

Vita vilipoanza 1792, Brunswick, jemadari wa majeshi ya wavamizi, alitoa tangazo lililoandikwa kwa mkono wa mkimbizi mmoja, akitishia kuiadhibu Paris yote endapo mfalme angeguswa. Hazikupita wiki tatu, tarehe 10 Agosti, umma ukaivamia ikulu ya Tuileries, na Louis akapoteza kiti. Mtu atasema mfalme alikwisha kujiharibia alipojaribu kutoroka mwaka uliotangulia. Kweli, na wapo waliokuwa wakipanga kumwondoa hata kabla ya tangazo hilo. Lakini tuhuma ni jambo moja; tishio lenye sahihi ya jemadari wa adui ni jambo jingine.

Wenyeji wa wakimbizi nao walikuwa na hesabu zao. Waaustria walipoiteka Valenciennes Julai 1793, waliitwaa kwa jina la mfalme wao, si la mtoto wa Louis. Waingereza walikuwa wakarimu zaidi: Juni 1795 waliwashusha wakimbizi Quiberon kwa manowari zao, silaha zao na fedha zao. Hata askari waliwatafutia, wengine wakitolewa miongoni mwa mateka wa Kifaransa waliotaka tu kurudi kwao. Makamanda wawili, Puisaye na d'Hervilly, wakagombania amri, na usiku mmoja wa Julai baadhi ya mateka hao wakawasaidia wanamapinduzi kuitwaa ngome ya wakimbizi. Wafungwa zaidi ya 700 walipigwa risasi.

Iko hoja nzito zaidi: mwaka 1814 si walirudi na kutawala? Walirudi, lakini nyuma ya majeshi yaliyomshinda Napoleon kwa sababu zake yenyewe. Mwaka uliofuata Napoleon alipotua tena pwani ya Ufaransa, askari waliotumwa kumzuia wakamfuata, na kabla siku 20 hazijatimia Provence, sasa Louis wa 18, akaondoka Paris usiku. Akangoja Ghent mpaka Waingereza na Waprussia walipomaliza kazi Waterloo.