Kameo za Magamba na Sahihi za Wachongaji

Kameo ni pambo lililochongwa ili picha iinuke juu ya usuli wa rangi nyingine. Za kale zaidi zilichongwa kwenye mawe yenye matabaka, kama akiki. Kuanzia karne ya 19, nyingi zimechongwa kwenye magamba ya konokono wa baharini, na hapo ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoingia katika historia hii. Kwenye miamba yake ya matumbawe huishi Cypraecassis rufa, konokono mkubwa ambaye gamba lake lina tabaka jeupe juu ya tabaka la rangi ya machungwa iliyoiva. Mshindani wake, Cassis madagascariensis, huwa na usuli wa kahawia iliyokoza na hupatikana katika Bahari ya Karibi.

Magamba ya Afrika Mashariki yamekuwa yakisafirishwa hadi Torre del Greco, mji wa Italia ulio chini ya mlima Vesuvius, ambako shule ya uchongaji ilifunguliwa mwaka 1878. Fundi hukata kipande cha gamba, hukigandisha kwenye kishikio cha mti, kisha hupunguza tabaka jeupe kwa patasi nyembamba. Anapotaka shela au wingu, hukwangua tabaka hilo hadi rangi ya chini ionekane kwa mbali.

Kazi nyingi za karakana za mji huo hazina sahihi. Inapokuwepo, hutafutwa sehemu mbili: mbele, kwenye ukingo ambapo bega la sanamu limekatwa, na nyuma, ilikokwaruzwa kwa ncha ya chuma. Tommaso Saulini wa Roma (1793–1864) na mwanawe Luigi ni miongoni mwa waliotia majina yao. Herufi F baada ya jina ni kifupisho cha Kilatini chenye maana ya "alifanya". Chapa iliyo kwenye fremu ni jambo jingine: 750, kwa mfano, hueleza usafi wa dhahabu ya karati 18, wala haimtaji mchongaji.

Sahihi inaweza kufichwa, na inaweza kughushiwa. Benedetto Pistrucci, aliyechonga picha ya Mtakatifu George ya sarafu ya dhahabu ya Uingereza, aliwahi kuchonga kichwa cha mungu wa kike Flora. Mfanyabiashara mmoja alikiuza kwa mkusanyaji Richard Payne Knight kama kazi ya kale. Pistrucci alipofika London mwaka 1815, alitangaza kuwa ni kazi yake na kwamba alama yake imefichwa humo, lakini Knight hakukubali. Kwa upande mwingine, mkusanyo wa mwanamfalme Stanislas Poniatowski, ulionadiwa mwaka 1839, ulijaa vito vya karne ya 19 vyenye majina ya wachongaji wa Ugiriki ya kale.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na kitu chenyewe. Gamba halisi huwa na mbonyeo kidogo nyuma na hupitisha mwanga likielekezwa kwenye taa. Plastiki huonyesha kingo laini za kalibu. Chini ya lenzi inayokuza mara 10, mikwaruzo ya patasi huonekana kwenye nywele na mikunjo ya nguo. Pini ndefu inayopita ukingo wa fremu, pamoja na kifungio cha ndoano wazi, huashiria karne ya 19, ingawa fremu huweza kubadilishwa. Jina husomwa mwishoni, na hukubalika pale tu linapoafikiana na gamba, mkono wa fundi na umri wa fremu.